Data za Ramani Zikigoma: Uzitengeneze Kwenye Excel, Ndani ya QGIS au Kwenye PostGIS?

Eneobunge la Lang'ata lilikuwa jeupe kwenye ramani yangu. Yale mengine 16 ya Nairobi yalikuwa yamekolea rangi kulingana na wingi wa vioski vya maji, lakini Lang'ata palibaki shimo, kana kwamba hakuna mtu anayeteka maji huko. Na data zake nilikuwa nazo. Nilizihesabu mstari kwa mstari kwenye jedwali. Nilibadilisha rangi, nikafunga programu na kuifungua tena, nikapakia mipaka upya, mpaka ikafika saa nne usiku. Ndipo nilipokuza maandishi na kuona kwamba ritifaa ya Lang'ata kwenye jedwali ilikuwa ile iliyopinda (’), na ya kwenye faili la mipaka ilikuwa imenyooka ('). Sisi tunaoandika ng'ombe na ng'ambo kila siku hatuna habari na umbo la ritifaa. Kompyuta inayo. Kwake hayo ni majina mawili tofauti, na hayakutani.

Tangu usiku ule swali ninaloulizwa zaidi na wenzangu ni hili: kosa la namna hiyo ulitengenezee wapi? Wapo wanaorudi kwenye Excel. Wapo wanaomaliza kila kitu palepale ndani ya programu ya ramani ya QGIS. Wapo wanaopakia data zote kwenye hifadhidata ya PostGIS na kuandika SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata. Nimefanya kazi kwa njia zote tatu, na kila moja imewahi kuniokoa na kuniumiza. Kama unatumia ArcGIS Pro, sehemu kubwa ya ninayosema kuhusu QGIS inakuhusu pia. Majina ya vitufe yatatofautiana, na utahitaji leseni ya kulipia na mashine ya Windows.

Tunapima kwa nini

Nitaziuliza njia zote maswali matano yaleyale. Inatibu magonjwa gani? Inaweza kukuharibia nini wakati unatengeneza? Inaacha kumbukumbu gani ya ulichobadilisha? Inagharimu nini, kwa pesa na kwa muda wa kujifunza? Na mwisho, inamfaa nani?

Magonjwa yenyewe, kwa uzoefu wangu, ni ya aina nne. Kuna viwianishi vibaya, yaani zile namba za latitudo na longitudo. Kuna mfumo wa viwianishi uliotajwa vibaya. Kuna majina au namba za utambulisho zinazokataa kukutana unapounganisha jedwali na mipaka. Na kuna maumbo yenyewe kuharibika.

Kabla ya kuchagua njia yoyote, weka nakala ya faili asili kwenye folda yake na usiiguse tena. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona kazi ya wiki tatu za uwandani ikipotea kwa kukosa hatua hiyo ya nusu dakika.

Nukta imeangukia wapi?

Kwa tatizo la viwianishi, ramani yenyewe hukutajia ugonjwa, mradi ujue kusoma mahali nukta ilipoangukia. Chukua katikati ya jiji la Nairobi, ambapo latitudo ni -1.286 na longitudo ni 36.817.

Ukikuta nukta zako zinaelea katika Bahari ya Mediterania, kati ya Uhispania na Algeria, umebadilisha safu: latitudo imeingia mahali pa longitudo. Zikiangukia Samburu, upande wa Maralal, alama ya kutoa imepotea. Nairobi iko kusini mwa ikweta, na bila alama hiyo umeivusha upande wa pili kwa umbali uleule. Zikiwa zimerundikana baharini kwenye Ghuba ya Guinea, hizo ni sifuri na sifuri, yaani fomu ilitumwa kabla GPS haijashika.

Kuna moja inayowapotosha wengi. Kifaa cha GPS kinaonyesha nyuzi 1, dakika 17, sekunde 10 Kusini, na mwandishi anaandika 1.1710. Dakika si sehemu za mia. Hesabu sahihi ni 1 + 17/60 + 10/3600, jumla 1.2861. Ukikosea latitudo peke yake, nukta ya katikati ya jiji inahamia karibu na mji wa Kiambu. Ukikosea na longitudo pia, ukaandika 36.49 badala ya 36.817, unatua kwenye Bonde la Ufa, upande wa Suswa. Kosa hili ni hatari kwa sababu nukta bado ziko Kenya na ramani haionekani kuwa ya kichaa.

Nukta zikiwa zimesogea mita 300 hivi, zote kwa pamoja na kuelekea upande uleule, shuku Arc 1960. Ramani nyingi za zamani za Kenya, zikiwemo zile za topografia za kipimo cha 1:50,000, zilitengenezwa kwa mfumo huo, ilhali GPS ya simu yako inatumia WGS 84. Na kama hakuna nukta inayoonekana kabisa, angalia namba zenyewe. Katikati ya jiji kwa UTM, mfumo unaopima kwa mita badala ya nyuzi, ni takriban 257,000 mashariki na 9,858,000 kaskazini. Programu ikidhani hizo ni nyuzi, haina mahali pa kuziweka duniani.

Sasa tuingie kwenye njia zenyewe.

Njia ya kwanza: jedwali (Excel au LibreOffice Calc)

*Inachotibu.* Makosa ya mkono. Chuja safu ya eneobunge na papo hapo utaona "Embakasi East", "EMBAKASI EAST", "Embakasi Mashariki" na moja yenye nafasi tupu mwishoni ambayo jicho haliioni. Amri ya TRIM inaondoa nafasi hiyo, na ritifaa iliyopinda unaibadilisha zote kwa mkupuo. Alama ya kutoa iliyopotea unairudisha kwa =-ABS(B2) ukiivuta hadi chini. Nyuzi, dakika na sekunde unazigeuza kwa hesabu ile ya juu.

Hiyo =-ABS itumie kwa Nairobi, si kwa Kenya nzima. Ikweta inapita Nanyuki na Maseno, na kila kilicho kaskazini yake, kuanzia Eldoret hadi Lodwar na Marsabit, kina latitudo chanya. Fomula hiyo ingewahamisha wote kusini.

Jedwali lina nguvu nyingine ambayo wataalamu wa ramani huisahau: mtu asiyejua ramani anaweza kusaidia. Niliwahi kukaa na vijana waliokusanya data wenyewe, tukapitia mistari pamoja. Mmoja akaniambia, "Hapa umeandika Mathare, lakini hii ni Mathare North, na Mathare North ni wadi ya Ruaraka." Ni kweli, Mathare North si sehemu ya eneobunge la Mathare. Kuunganisha kwa majina peke yake kusingenionyesha hilo usiku ule, maana mipaka yenyewe ilikuwa sahihi na jina lilikuwa la kweli, ila lilikuwa la mahali pengine.

Maumbo yaliyoharibika na mifumo ya viwianishi, jedwali haliyawezi. Halijui kama 257,000 ni mita au ni idadi ya magunia.

*Linavyoumiza.* Hapa pana mengi, na mengi hutokea bila kukuuliza. Ukifungua faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) moja kwa moja, msimbo wa kaunti ya Nairobi, 047, unakuwa 47, na wa Mombasa, 001, unakuwa 1. Namba ya nyumba 5/12 inageuka tarehe. Namba ya utambulisho yenye tarakimu zaidi ya 15 inapoteza zile za mwisho na kubadilishwa sifuri. Lang'ata yenye ritifaa iliyopinda inaweza kufunguka ikisomeka "Langâ€™ata", kwa sababu faili liliandikwa kwa UTF-8, namna moja ya kusimba herufi, na Excel ikalisoma kwa usimbaji mwingine. Yote haya yanaepukika ukiingiza CSV kupitia menyu ya data, ukachagua usimbaji wa UTF-8 na kuiambia kila safu ni ya maandishi, badala ya kubofya faili mara mbili.

Lakini kosa baya kuliko yote ni kupanga safu moja peke yake. Majina yanajipanga kwa alfabeti, viwianishi vinabaki vilipokuwa, na kuanzia hapo kila kioski kina anwani ya kioski kingine. Ramani inatoka safi kabisa. Yenyewe haitoi onyo lolote, na ukishahifadhi na kufunga, hakuna njia ya kurudi ila ile nakala ya asili.

*Kumbukumbu.* Hakuna, isipokuwa ujiwekee. Usifute jina la zamani. Ongeza safu mpya kando yake, uiite eneobunge_safi, ili yeyote aone kilichokuwapo na kilichobadilika.

*Gharama.* Ujuzi karibu kila ofisi inao, na LibreOffice ni ya bure. Excel inaishia kwenye mistari 1,048,576.

*Inamfaa nani.* Mwenye mistari mia kadhaa au elfu chache, za kukusanywa mara moja, na makosa yaliyotokana na watu kuandika. Pia anayefanya kazi na wenzake ambao hawatawahi kufungua programu ya ramani.

Njia ya pili: ndani ya QGIS

*Inachotibu.* Kila kinachohitaji kuonekana. Nukta iliyoko Mediterania huioni kwenye jedwali la mistari 4,000, lakini kwenye ramani inajitangaza. Safu zilizobadilishana mahali zinarudishwa kwa zana moja ya kupindua X na Y.

Kuhusu mifumo ya viwianishi, hapa ndipo mahali pake hasa, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. QGIS ina mambo mawili yanayofanana kwa sura. Moja ni kulitajia tabaka, yaani seti moja ya data kwenye ramani, mfumo wake ("Assign Projection"), nyingine ni kulihamisha kwenda mfumo mwingine ("Reproject Layer"). Ya kwanza ni kubandika lebo kwenye mkebe, na kilicho ndani hakiguswi. Ya pili inamimina kilichomo kwenye mkebe mwingine. Kama data zako ni za mita za Arc 1960 na QGIS inadhani ni WGS 84, unahitaji kwanza lebo sahihi (EPSG:21037 kwa Nairobi; EPSG ni namba ya kuutambulisha mfumo), kisha uhamishe kwenda EPSG:32737. Ukibandika 32737 moja kwa moja, umeweka lebo ya sukari kwenye mkebe wa chumvi. Namba hazitabadilika na zile mita 300 zitabaki palepale.

Kenya ina kanda nne za UTM, ya 36 na ya 37, kila moja kaskazini na kusini mwa ikweta. Mpaka kati yao ni longitudo ya 36. Nairobi ni 37 Kusini, Kisumu ni 36 Kusini. Ukipokea data za mita kutoka magharibi ukazitajia kanda ya Nairobi, zitahama kilomita mamia.

Mfano mwingine wa karibu. Unataka duara la mita 500 kuzunguka kila kioski, unaandika 500, na ramani nzima inajaa rangi moja. Tabaka lako lilikuwa la nyuzi, kwa hiyo umeomba duara la nyuzi 500, wakati uzi mmoja ni kama kilomita 111. Hamisha kwanza kwenda 32737, kisha uandike 500.

Maumbo yaliyoharibika nayo yanatibiwa vizuri hapa. Poligoni ya kiwanja iliyochorwa kwa haraka inaweza kujikata yenyewe kama tarakimu ya 8, na ukijaribu kuikatisha na tabaka jingine kazi inasimama ikisema jiometri si halali. "Check Validity" inakuonyesha ni wapi hasa mstari ulijikata, na "Fix Geometries" inatengeneza. Ona kwanza kabla ya kutengeneza. Mara nyingine ile 8 ilikuwa viwanja viwili vilivyounganishwa kimakosa, na aliyechora ndiye anayejua.

Na kuhusu Lang'ata, huhitaji hata kugusa data asili. Kwenye kikokotoo cha safu unaunda safu mpya kwa maneno haya:

replace("eneobunge", '’', '''')

Zile ritifaa nne mwishoni si kosa. Mbili za nje zinafunga maandishi, na mbili za ndani ni namna ya kuandika ritifaa moja. Kwa msimbo wa kaunti uliopoteza sifuri, lpad("msimbo", 3, '0') inarudisha 47 kuwa 047.

*Inavyoumiza.* Matokeo ya zana nyingi ni matabaka ya muda, na stima ikipotea yanakwenda nayo. Anayefanya kazi Nairobi kwa kompyuta ya mezani anaelewa ninachosema. Hifadhi kila hatua yenye maana. Faili la CSV lililopakiwa kama maandishi haliwezi kuhaririwa ndani ya QGIS, inabidi ulihifadhi kwanza kwa muundo mwingine. QGIS pia hulinganisha matabaka ya mifumo tofauti papo kwa papo ili yakae pamoja kwenye skrini, jambo zuri kwa macho, lakini linakufanya uamini kwamba yote ni ya mfumo mmoja hadi utakapopima eneo.

Muundo unaochagua una uzito wake. Shapefile, ambayo bado tunatumiana kila siku, inakubali herufi 10 tu za jina la safu. Nilikuwa na safu mbili, idadi_ya_wanaume na idadi_ya_wanawake. Baada ya kuhifadhi, ya kwanza ikawa idadi_ya_w na ya pili idadi_ya_1. Wiki mbili baadaye nililazimika kurudi kwenye fomu za karatasi ili kujua nani ni nani. Hifadhi kwa GeoPackage: ni faili moja, na majina marefu hayakatwi. Shapefile ibaki ya kumpa anayeiomba.

*Kumbukumbu.* Ya wastani, lakini wengi hawaijui. Historia ya zana inaorodhesha kila zana uliyoendesha na vipimo vyake. Na ukijenga modeli ya kuchora, unaweza kuendesha hatua zote tena kwa data mpya. Mabadiliko ya mkono, kama kuvuta kona ya poligoni, hayaandikwi popote.

*Gharama.* Ni ya bure, na inaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux. Chukua toleo linalotunzwa kwa muda mrefu, si lile jipya kabisa. Kujifunza ya msingi ni wiki kadhaa za kukaa nayo kwa bidii.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi, ofisa wa shirika au wa kaunti anayefanya kazi peke yake au na mwenzake mmoja, ambaye data zake zina maumbo na mifumo mchanganyiko. Kwa matatizo ya projeksheni, hata wapenzi wa njia nyingine hupita hapa kuhakikisha.

Njia ya tatu: hifadhidata ya PostGIS

*Inachotibu.* Makosa yanayojirudia. Kama kila mwezi unapokea data mpya zenye magonjwa yaleyale, utachoka kuyatibu kwa kubofya. Hapa unaandika tiba mara moja. Ritifaa ya Lang'ata, kwa mfano:

UPDATE vioski SET eneobunge = replace(eneobunge, '’', '''');

Maumbo mabaya unayatafuta kwa ST_IsValidReason, ambayo inakueleza kasoro na viwianishi vya mahali ilipo, kisha ST_MakeValid inayatengeneza. Safu zilizopinduliwa zina ST_FlipCoordinates. Lebo na kumimina navyo vipo, kwa majina ST_SetSRID na ST_Transform, na mtego wake ni uleule.

Lakini kinachoitofautisha hasa ni kwamba inaweza kuzuia. Ukiiwekea sharti kwamba latitudo ya kioski cha Nairobi iwe kati ya -1.5 na -1.1, nukta ya Samburu haiingii kabisa. Ukiifunga safu ya eneobunge kwenye orodha ya yale 17, atakayeandika "Langata" bila ritifaa atarudishiwa kosa palepale, akiwa bado anakumbuka alikuwa wapi. QGIS ina masharti ya fomu yanayokaribiana na haya, lakini hukaa kwenye mradi. Atakayefungua data kwa mradi mwingine hatayakuta.

*Inavyoumiza.* UPDATE iliyosahauliwa WHERE, yaani sharti la mistari gani iguswe, hubadilisha mistari yote kwa sekunde moja. Anza na BEGIN, hesabu mistari iliyoguswa, na kama idadi inakushangaza andika ROLLBACK ili kurudisha yalivyokuwa. ST_MakeValid inaweza kuirudisha poligoni moja ikiwa vipande kadhaa, au hata mchanganyiko wa poligoni na mistari, ambao safu ya jedwali lako itaukataa. Na huoni kitu. Utafungua QGIS kando ili kuangalia ulichofanya, kwa hiyo njia hii haikuondolei ile ya pili.

Hifadhidata pia inahitaji mwenyewe. Nani anachukua nakala rudufu? Nani anajua nywila akienda likizo? Nimeona hifadhidata nzuri iliyojengwa na kijana mmoja hodari ikikaa bila kuguswa mwaka mzima baada ya yeye kupata kazi kwingine, na wenzake wakarudi kutumiana faili kwa barua pepe.

*Kumbukumbu.* Bora kuliko zote. Faili la SQL lenyewe ndilo kumbukumbu, linasomeka, na mtu mwingine anaweza kuliendesha na kupata matokeo yaleyale.

*Gharama.* Programu ni ya bure, na kwa kazi ya ukubwa wa jiji inakaa vizuri kwenye kompyuta ya kawaida. Unacholipa ni muda: SQL yenyewe, kisha lugha ya jiometri juu yake.

*Inamfaa nani.* Timu ya watu kadhaa wanaohariri data zilezile, mwenye mamia ya maelfu ya majengo au viwanja, au anayepokea data za aina moja kila mwezi.

Kuna njia ya katikati ambayo ningependa ijulikane zaidi. GeoPackage ndani yake ni hifadhidata ya SQLite, na QGIS inakuruhusu kuandika SQL juu yake bila seva yoyote. Unapata kumbukumbu ya maandishi bila mzigo wa kutunza hifadhidata. Haifai watu wanaohariri kwa pamoja, lakini kwa mtu mmoja anayetaka kujifunza SQL ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kwa hali yako

Kama data zimetoka kwenye fomu za karatasi au simu, ni mistari mia chache, na walioandika bado wako karibu, kaa nao kwenye jedwali. Maarifa yao ya mtaa ni bora kuliko zana yoyote. Ukimaliza, pakia kwenye QGIS mara moja tu kuangalia nukta zimeangukia wapi.

Kama umepewa folda ya mafaili kutoka vyanzo vitatu na hakuna anayejua mfumo wa kila moja, usiguse jedwali. Fungua QGIS, weka ramani ya OpenStreetMap chini yake, na utafute kitu kisichohama: makutano ya barabara, kona ya uwanja. Pima umbali. Mita 300 zitakuambia Arc 1960, kilomita mamia zitakuambia kanda.

Kama umetengeneza kosa lilelile kwa mara ya tatu mwaka huu, anza kufikiria hifadhidata, mradi kuna angalau watu wawili ofisini watakaoijua. Akiwa ni mmoja tu, GeoPackage na faili la SQL lililohifadhiwa pamoja nalo vitakutosha, na atakayekuja baada yako ataweza kuvisoma.

Kama wewe ni mwanafunzi na unaandika tasnifu, fanya kila unachoweza kwa modeli ya QGIS au kwa SQL hata kama jedwali lingekuwa la haraka zaidi. Msimamizi atakuuliza ulibakije na nukta 312 kutoka 340, na utahitaji jibu la maandishi.

Na kama ni saa nne usiku, mkutano ni kesho saa tatu asubuhi na eneobunge moja limebaki jeupe, usianze kusakinisha chochote. Tengeneza safu mpya ndani ya QGIS, unganisha kwa safu hiyo, chapisha ramani. Asubuhi baada ya mkutano, rudi kwenye jedwali la asili na ubadilishe ritifaa palepale ilipoandikwa, kisha umpigie simu aliyeandika ili aweke orodha ya kuchagua kwenye fomu yake. Mimi sikupiga simu hiyo. Mwezi uliofuata data mpya zilikuja, na Lang'ata ilikuwa nyeupe tena.